Hufungwa Mwisho, Hukanyagwa Kwanza

Gari la zamani likitoka kwa fundi limefufuliwa, watu hulizunguka wakitazama rangi. Hupapasa kromu, hujitazama kwenye vifuniko vya magurudumu, huchungulia saa za dashibodi kupitia dirishani. Ni wachache wanaofungua mlango na kutazama chini, pale mguu unapopita kabla mtu hajaketi. Hapo pana ukanda mwembamba wa alumini wenye mifereji inayokwenda kwa urefu, umeshikwa na skurubu chache. Kazi yake haihitaji maelezo marefu: hulinda rangi ya kizingiti isichubuliwe na viatu, na hubana ukingo wa zulia usifumuke. Ukilinganisha na bei ya gari zima, ni kipande cha kupuuzwa.

Mimi nakiheshimu kuliko kromu yote. Bamba la kizingiti hufungwa mwisho, baada ya fundi wa bati, fundi wa rangi, fundi umeme, mshonaji wa viti na mazulia, na aliyebandika raba za milango. Kila mmoja wao amepita pale chini, kwenye upana usiozidi kiganja. Aliyekosea milimita mbili kwenye bati, aliyepaka rangi nene mno, aliyetandika zulia lenye tumbo, wote hesabu zao hukutana hapo. Bamba likilala sawasawa na mlango ukafunga bila kusukumwa mara ya pili, ujue waliotangulia hawakudanganya.

Anayetaka kuona jinsi waundaji wa zamani walivyokithamini kipande hiki na afungue mlango wa Chevrolet ya miaka ya 1960, iwe Impala, Chevelle au Camaro. Juu ya bamba atakuta kibati kidogo kilichopigwa chapa ya gari la kifahari la kukokotwa na farasi, pamoja na maneno Body by Fisher. Ndugu wa Fisher walitoka Norwalk, Ohio, katika ukoo wa wahunzi na waundaji wa magari ya farasi. Mwaka 1908 Fred na Charles, wakiwa na ami yao Albert, walianzisha kampuni ya kuunda bodi za magari mjini Detroit. General Motors ilinunua sehemu kubwa ya kampuni hiyo mwaka 1919, ikaimiliki yote mwaka 1926, na jina la Fisher likaendelea kukanyagwa na mamilioni ya abiria hadi idara hiyo ilipovunjwa mwaka 1984. Wangeweza kuiweka sahihi yao mahali pa juu, machoni pa watu. Waliiweka kizingitini, ambako anayeingia huiona kila mara anapoinua mguu. Kwa muundaji wa bodi, mlango ndio mtihani mkubwa, na sahihi ikakaa pale mtihani ulipo.

Kulipata bamba la kubadilisha ni nusu ya kazi, na fundi wa kweli huanza kwa kujaribu kuliokoa lile la zamani. Alumini iliyopinda husamehe. Hulazwa kifudifudi juu ya ubao mgumu na kugongwa taratibu kwa nyundo ya mbao, kidogo hapa, kidogo pale, mpaka ukingo unyooke. Mabamba mengi ya enzi hizo yalitoka kiwandani na ngozi ngumu iliyotengenezwa kwa umeme na tindikali, na ngozi hiyo ikishafifia haing'ari hata ukiisugua mchana kutwa. Fundi huiondoa kwanza kwa kostiki soda, ile ile wanayotumia watengeneza sabuni, akiwa amevaa glavu na miwani, kisha ndipo msasa mwembamba unapopata la kufanya. Kwenye mabamba yenye mifereji myeusi, kama yale ya Chevrolet, hupulizia rangi nyeusi isiyong'aa sana juu ya bamba zima. Ikikauka, huzungushia msasa kwenye kipande cha mbao iliyonyooka na kupitisha juu ya matuta tu. Matuta hubaki meupe, mifereji hubaki myeusi, na mstari kati yao hunyooka kuliko ambavyo mkono wowote wenye brashi ungeweza kuuchora.

Bamba likiwa limeliwa kabisa, msako huanza. Mali bora ni ile iliyotengenezwa wakati gari lenyewe likiuzwa bado, ikakaa stoo bila kufungwa. Vitu vya namna hiyo hupatikana kwa miguu na subira: kwenye mkusanyiko wa Hershey, Pennsylvania, kila Oktoba, au kwenye soko la vipuri vya kale la Beaulieu, kusini mwa Uingereza, linalofanyika tangu mwaka 1967. Watu hupita meza baada ya meza, wakifunua maboksi ya vyuma ambavyo mwenye meza mwenyewe hajui vilitoka kwenye gari gani. Kwetu, msako huo hupita Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, ambayo wengi huiita Grogan, au Gerezani jijini Dar es Salaam, na kwenye nyua za vyuma chakavu ambako Peugeot na Volkswagen hupumzika bila magurudumu.

Kinachonivutia ni jinsi mzoefu anavyokikagua kipande sokoni. Mgeni hutazama mng'ao. Mzoefu hulipindua bamba akatazama mgongo wake. Anahesabu matundu na kupima nafasi kati ya tundu na tundu. Anatazama ukingo wa ndani kama una mkunjo wa kushika zulia, na ukingo wa nje kama unateremka kufuata umbo la bodi. Anapitisha ukucha kwenye mfereji kujua kina chake. Mfukoni ana kiolezo cha karatasi ngumu alichokichora juu ya kizingiti cha gari lenyewe, kimeandikwa kulia au kushoto, mbele au nyuma, kwa sababu mara nyingi bamba la kulia halikubali kukaa kushoto, na gari la milango miwili lina bamba refu kuliko ndugu yake wa milango minne. Wauzaji wanaweza kuapa kwamba kipande kinaingia. Kiolezo hakiapi. Kinalazwa juu ya bamba, na kama tundu moja limekwenda pembeni, kipande kinarudishwa mezani kwa heshima na safari inaendelea.

Kuna pia mabamba mapya yanayotengenezwa leo kwa kuiga ya zamani, na kwa magari yanayopendwa sana kama Camaro hayana shida kupatikana. Sioni aibu yoyote kuyatumia. Ila siyafumbii macho: mng'ao wake unaweza kuwa mkali mno kando ya kromu yenye umri wa miaka 50, matundu yake yanaweza kuwa yametobolewa kwa bodi ya wastani ambayo haipo duniani, na ribiti za kile kibati cha chapa zinaweza kuwa za mtindo wa leo. Fundi mwenye macho hukubali kipande kipya kama malighafi, kisha hukileta kwenye gari lake kwa tupa na msasa.

Lakini kabla ya yote hayo, bamba la zamani lazima litoke kwenye gari. Skurubu iliyokaa nusu karne haitoki kwa nguvu. Hutiwa mafuta mepesi ya kulegeza kutu, ikaachwa ilale nayo usiku mzima. Asubuhi fundi huchagua bisibisi inayojaa kichwa cha skurubu barabara, huigonga kwa nyundo ndogo mara mbili tatu ili kushtua kutu, ndipo huizungusha. Kwanza huikaza kidogo sana, halafu ndiyo huilegeza. Ikivunjika, tundu litapaswa kutobolewa upya, na kila tundu jipya kwenye kizingiti ni mlango wa maji.

Chini ya bamba ndipo gari hueleza maisha yake. Kuna mchanga wa barabara zote lilizopita, mbegu, nyuzi za zulia lililooza, sarafu zisizotumika tena. Kwenye gari lililoishi pwani, Mombasa, Tanga au Unguja, kuna pia unga mweupe uliojikusanya kuzunguka matundu ya skurubu. Hiyo ndiyo alumini ikiliwa. Metali mbili tofauti zikigusana penye unyevu na chumvi, mkondo mdogo wa umeme huanza kati yao, na ile dhaifu ndiyo hulipa. Kati ya alumini na chuma, alumini ndiyo hulipa. Chuma nacho hakisalimiki, kwa kuwa maji yaliyonaswa chini ya bamba hayana pa kutokea, yanakaa hapo mchana na usiku.

Na chuma hicho si cha mapambo. Kwenye magari yasiyo na fremu ya kujitegemea, kama Peugeot 404, kizingiti ni boksi refu la bati linalobeba uzito wa gari kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Boksi hilo lina vitundu vidogo chini vya kutolea maji. Tope likiviziba, kutu huanza kula kutoka ndani, mahali ambapo rangi ya nje haijui kitu. Hapa ndipo wahenga walipolenga waliposema usipoziba ufa utajenga ukuta. Bisibisi ya mkono ikizama kwenye chuma kama inavyozama kwenye embe bivu, kazi ya bamba inasimama na kazi ya bati inaanza: kukata kilichooza, kuchomelea kipya, kusafisha vitundu, kupulizia nta ndani ya boksi. Na hata hilo lina adabu yake. Fundi mwangalifu huegemeza bodi vizuri kabla ya kukata, huchomelea nondo kwa muda kukatisha uwazi wa mlango ili umbo lisikimbie, na kila baada ya hatua hufunga mlango kuona kama nafasi zake zimebaki zilivyokuwa. Asiyefanya hivyo atapata kizingiti kipya na mlango usiofunga.

Kuna njia ya mkato ambayo mikono mingi imeijua: kujaza puti, kupaka rangi, na kufunika kwa bamba linalong'aa. Bamba jipya ni kifuniko kizuri sana cha uovu. Ndiyo maana namhesabu kuwa fundi yule ambaye, akiwa na uwezo wa kuficha na mteja asijue, huchagua kulirudisha bamba mezani na kushika msumeno.

Chuma kikishakuwa kizima na rangi ikakauka kweli, zamu ya kufunga inafika. Kwanza bamba huwekwa kavu, bila skurubu hata moja, likashikwa kwa utepe wa karatasi. Mlango hufungwa polepole sana. Fundi husikiliza. Kama ukingo wa chini wa mlango unagusa, au raba inapanda juu ya bamba badala ya kukaa kando yake, anajua zulia ni nene kuliko la zamani na limeliinua bamba. Hapunguzi bamba, anarudi kwenye zulia, anakata sponji ya chini yake pale ukingoni ili zulia pekee ndilo libanwe.

Kutoboa zulia nako kuna siri yake. Anayepitisha drili moja kwa moja juu ya zulia atajuta, kwa sababu ncha ya drili hunasa uzi, na uzi huo hufumuka kutoka kizingitini hadi chini ya kiti kabla kidole hakijaachia swichi. Mjuzi huchoma msumari motoni akalitoboa nao zulia, taratibu, na nyuzi za sintetiki zikayeyuka na kufunga kingo za tundu zenyewe. Ni tendo dogo, la kuona kwa karibu tu, na kila nikiliona nakumbuka kwamba ufundi mwingi ni ujuzi wa kitu gani kitaharibika iwapo utaharakisha.

Skurubu zenyewe huchaguliwa kwa urefu kabla ya mng'ao. Kwenye magari mengi, Camaro ikiwemo, nyaya za taa za nyuma hupita kizingitini, chini kabisa ya bamba. Skurubu iliyozidi urefu kidogo hutoboa waya, na mwenye gari atahangaika na fyuzi zinazoungua bila kushuku kipande cha mapambo. Kila skurubu huchovywa kwenye nta au grisi kabla ya kuingia, ili metali mbili zisigusane zikiwa na maji kati yao. Huanzwa ya katikati, kisha zinafuata za pembeni kwa zamu, kila moja ikikazwa nusu tu. Matundu ya bamba huachwa mapana kidogo kuliko skurubu, na hili si uzembe. Alumini hutanuka kwa joto karibu mara mbili ya chuma. Kwenye bamba la urefu wa mita moja, gari likitoka kwenye ubaridi wa alfajiri na kuanikwa juani Dodoma mpaka joto lake likapanda kwa nyuzi 40, tofauti kati ya metali hizo mbili hukaribia nusu milimita. Bamba lisilo na nafasi ya kupumua huinuka katikati na kuanza kulialia chini ya kiatu. Lenye nafasi hukaa kimya.

Mwisho huja kipimo cha karatasi. Fundi huweka kipande cha karatasi juu ya kizingiti, hufunga mlango juu yake, kisha huivuta. Ikitoka kwa kukaza, raba inashika. Ikichomoka bure, vumbi na mvua vitapita hapo hapo. Hurudia hatua kwa hatua kuanzia mbele hadi nyuma ya mlango. Hakuna kifaa cha bei katika hatua hii, ni karatasi na vidole.

Kuna magari ambayo msako wake hauzai kitu, na hapo mikono ya kwetu hung'ara. Peugeot 404, iliyochorwa na Pininfarina na kuzinduliwa mwaka 1960, ina heshima ya pekee Afrika Mashariki. Ilishinda mbio za Safari mwaka 1963, kisha mara tatu mfululizo, 1966, 1967 na 1968, na mara mbili kati ya hizo, 1966 na 1967, ushindi ulikuwa wa Bert Shankland na Chris Rothwell waliotokea Tanzania. Wazee wengi waliozikuza familia zao ndani ya 404 bado wanazo, zimefunikwa turubai nyuma ya nyumba. Bamba la kizingiti likiwa limepotea upande mmoja, mtu anaweza kuandika barua Ufaransa akasubiri, au anaweza kulichukua lile la upande wa pili akampelekea fundi wa bati.

Fundi huyo, awe Kamukunji jijini Nairobi au Gerezani, hulinakili kwenye karatasi ngumu, kisha huigeuza karatasi, na kulia kukawa kushoto. Huchagua bati la alumini la unene wa milimita moja hivi, akalikata likiwa pana kuliko kipimo. Sababu ya kuliongeza upana ni kwamba kila tuta litakalopigwa litavuta bati kutoka pembeni. Kisha huilainisha alumini. Hulipaka bati sabuni ya mche, akalipitishia moto kwa chini, akitazama sabuni. Alumini haibadiliki rangi inapokaribia kuyeyuka, haitoi onyo lolote, kwa hiyo sabuni ndiyo jicho lake: ikigeuka nyeusi, moto huondolewa mara moja. Bati likipoa linapindika kama karatasi nzito.

Mifereji hupigwa juu ya gogo la mvule lililochongwa mfereji mmoja ulionyooka. Bati hulazwa juu yake, na chuma chenye ncha ya mviringo husogezwa kwa mapigo mepesi, kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha tena, kila safari ikizamisha kidogo tu. Tuta la kwanza huwa la katikati, yanayofuata huenda kulia na kushoto kwa zamu, ili bati livutike sawa kutoka pande zote mbili. Anayeanzia ukingoni atapata bamba lililojikunja kama jani kavu. Kadiri linavyogongwa, alumini hukakamaa tena, na fundi husikia mabadiliko hayo katika mlio wa nyundo kabla ya kuyaona. Mlio ukishakuwa mkali, analirudisha kwenye sabuni na moto. Mwishoni kabisa ndipo kingo hukatwa kwa kipimo, matundu yakatobolewa kwa kufuata matundu yaliyoko kwenye gari lenyewe, na msasa ukapita.

Bamba hilo halitakuwa na namba ya kiwanda. Kwenye maonyesho ya Concours d'Elegance ya Nairobi, ambako waamuzi hukagua magari hadi uvunguni, huenda mwamuzi mkali akalijua kuwa ni la mkono. Kwangu mimi hilo halilipunguzii kitu. Limetengenezwa na mtu aliyelazimika kuelewa kwa nini kila mkunjo upo, jambo ambalo mashine ya kubana bati haikuwahi kuhitaji.

Kwa hiyo nina ombi kwa wanaonunua magari ya zamani na kwa wanaoyapeleka kwa mafundi. Ukienda kutazama gari, fungua milango yote kabla ya kuomba ufunguo wa injini. Inama. Bonyeza bamba kwa gumba kuona kama linacheza, tazama kama vichwa vya skurubu ni vya aina moja, pitisha mkono chini ya kizingiti utafute vitundu vya maji. Mwulize muuzaji kama unaweza kufungua skurubu mbili, na usikilize anavyojibu. Na ukiwa wewe ndiye mwenye gari, fundi akikuletea hesabu yenye saa nyingi kwenye kipande kisichofika upana wa kiganja, usimwulize kwa nini bamba dogo limekula muda mwingi hivyo. Mwombe akuonyeshe kilichokuwa chini yake, kisha mlipe.